Kabla hujaomba mtaro: namna baraza na shehia zinavyoweza kupima hatari ya mafuriko zenyewe

Hebu soma majina haya ya mitaa yetu ya Zanzibar taratibu: Mtoni, Ziwani, Kijitoupele, Ziwa Maboga, Kibonde Mzungu. Waliotupa majina hayo hawakuwa na kompyuta wala mshauri wa kulipwa, waliona maji yanavyopita wakasema pale mto, pale ziwa, pale bonde, afu sisi tukaja tukauziana viwanja, tukapiga msingi, na masika ya kwanza tu tunashangaa ndala zinaelea chumbani. Kwa hiyo kama wewe ni diwani, sheha (mkuu wa shehia, yaani serikali ya mtaa kwetu Zanzibar) au afisa wa mipango na umeambiwa "andaa ripoti ya hatari ya mafuriko", usianze na kompyuta, anza na majina ya mitaa yako. Yaandike yote, hata yale madogo ya vichochoroni ambayo hayapo kwenye karatasi za serikali. Ramani ya kwanza ndo hiyo na haina gharama.

Mie nimekaa kwenye kamati ya maafa ya shehia kwa miaka kadhaa na sikuhizi nawasaidia vijana kuchora ramani, kwa hiyo nitakayoyasema mengi ni ya matope kuliko ya vitabu. Ila kuna kitu kimoja nataka kikae kichwani kabla ya vyote: usiombe mtaro kabla hujajua maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi na yanamkuta nani njiani. Nimeona shehia moja (sitoitaja, wenyewe wanajijua) ilijengewa mtaro wa zege mzuri kabisa, watu wakapiga picha, wakapika na biriani, na mwisho wa ule mtaro maji yakawa yanamwagwa kwenye kibonde cha wenzao wa chini. Masika yaliyofuata nyumba ambazo hazijawahi kuingia maji tangu zijengwe zikaingia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale, ni kwamba hakuna aliyeshuka kule chini kuuliza.

KAA NA WAZEE, AFU TEMBEA NA MVUA

Chukua wazee watano sita, wanawake wawe nusu au zaidi, manake wanaume mchana wengi hatupo majumbani na maji yakiingia anayeinua magodoro ni mama. Muulize bibi: mwaka gani maji yalikuja sana, yalifika wapi, yalikaa siku ngapi, yalitokea upande gani. Usiulize "mita ngapi", utapata jibu la kubahatisha. Uliza kwa mwili: kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua. Dar es Salaam kwenye mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 wanafunzi wa vyuo na wakaazi walikwenda mtaa kwa mtaa kuchora mitaro na sehemu zinazojaa, na kipimo cha goti na kiuno kila mtu anakielewa, afu wewe ukirudi ofisini unageuza kuwa sentimita. Miaka nayo iunganishe na matukio, mwaka wa El Nino ile ya 1997 na 1998, mwaka 2017 mvua zilipotutesa visiwa vyote viwili, mwaka aliozaliwa fulani. Na akikuonesha alama ukutani ipige picha na pima kwa rula hapo hapo.

Wazee wakimaliza, subiri mvua yenyewe. Najua hakuna anayependa kutoka lakini dakika arobaini za mvua kubwa zitakufunza kuliko semina ya siku tatu hotelini. Vaa mabuti, chukua simu kwenye mfuko wa nailoni, fuata maji kutoka juu mpaka yanapoishia. Utaona kalvati limezibwa na pampas na matawi ya muembe, utaona ukuta mpya wa mtu umekata njia ya maji ikabidi yapinde kwa jirani, utaona maji ya barabara mpya ya lami yanavyoshuka kama yametumwa. Andika kila kitu na mahali pake. KoboCollect, programu ya simu ya kukusanyia taarifa, ni bure, inafanya kazi bila bando ukiwa huko nje na inakamata lokesheni, ila daftari na kalamu ya risasi pia vinatosha, kalamu ya wino itakuliza.

Kujua wapi pako juu na wapi chini pia hauhitaji kusubiri mtaalamu. Kila fundi wa msingi ana ule mpira mweupe anautia maji anapiga levo, mwite, mpe chai na nauli, apime kutoka mwanzo wa mtaro hadi mwisho wake. Nilishaona mtaro ambao mwisho wake uko juu kuliko mwanzo! Maji yalikuwa yanasimama tu pale yanazaa mbu, na watu wakilaumu taka peke yake. Baada ya hapo ndo uende kwenye picha: kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi, chuo kikuu chetu cha taifa SUZA na Benki ya Dunia walivipiga picha visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani, zimetoka kali kiasi unahesabu paa moja moja, na ukizifungua kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchorea ramani, unaweza kuchora nyumba zote za shehia kwa siku chache. Tahadhari moja tu, urefu unaotolewa kwenye picha hizo mara nyingi ni wa juu ya paa na juu ya mti, sio ardhi, kwa hiyo usichore njia ya maji kwa kutegemea hizo bila kuutoa mpira wa fundi.

MAMBO MAWILI YETU SISI

Miongozo mingi ya mafuriko imeandikwa kwa watu wenye mito mikubwa. Sie hatuna Rufiji hapa. Mji wetu wa Unguja una mabonde ambayo hayana mlango, maji yakishaingia hayana pa kutokea isipokuwa yanyonywe na ardhi, yakauke na jua au yavutwe kwa pampu. Wenye umri wanakumbuka bwawa la Mwanakwerekwe lilivyokuwa linafunga barabara daladala zikazunguka. Sasa kibonde kama hicho kilipokuwa na migomba na minazi pembeni, ardhi ilikuwa inanyonya, leo kimezungukwa na mabati na zege. Sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa watu 1,303,569, ya 2022 tukawa 1,889,773, yaani karibu laki sita wameongezeka kwa miaka 10 na wote hao wanataka paa. Kila paa ni ardhi iliyoacha kunyonya. Kwa hiyo kwenye ripoti yako kila bonde liandikie: lina mlango au halina? Kama halina, mtaro wa kuliingizia maji zaidi ni kulimaliza.

La pili ni bahari. Mitaro yetu mingi ya mjini inaishia pwani, na pwani yetu maji ya kujaa na kutoka hutofautiana sana, siku za bamvua, yaani maji makubwa, tofauti huweza kukaribia mita 4. Mvuvi yeyote atakwambia bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Mvua kubwa ikipiga saa tisa jioni siku ya bamvua mtaro hauna pa kumwaga, bahari iko juu yake, maji yanarudi nyuma na mtu wa Ng'ambo anaona mtaro unatapika. Watu wa zamani hili walilijua kwa macho, Darajani inaitwa Darajani kwa sababu kulikuwa na daraja la kuvuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukaja kufukiwa. Ukifukia njia ya maji hujaifuta, umeificha tu. Basi chukua kalenda ya Kiislamu ukutani, pigia mduara siku za bamvua zote za masika, Machi mpaka Mei, na za vuli, Oktoba mpaka Disemba. Hizo ndo siku ambazo pampu iwe na mafuta na watu wa zamu wasilale. Kwenye midomo ya mitaro pia kuna milango inayojifunga bahari ikipanda na kufunguka ikishuka, ni kitu kizuri lakini ikikwama na taka inageuka kizuizi, kwa hiyo usiijenge kama hamna mtu wa kuiangalia kila wiki.

Pemba hadithi ni nyengine. Kule ni vilima na mabonde, maji hayakai sana bali yanashuka na udongo, barabara zinakatika, miteremko inameguka. Afu kuna maji chumvi, maeneo ya Micheweni na Kisiwa Panza watu wamepoteza mashamba ya mpunga kwa bahari kuingia, na shamba likishakunywa chumvi si la kurudi mwaka mmoja. Afisa wa Wete akinakili ripoti ya Mjini Magharibi anapoteza muda wake.

HESABU KIDOGO, USIKIMBIE

Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Ndo hesabu yote ilipoanzia. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mm 50 linatoa lita 5,000, lile tangi kubwa jeusi limejaa pomoni kutoka nyumba moja. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanaanza kuita mvua kubwa ikifika mm 50 kwa masaa 24, lakini sie tunajua zinaweza kushuka kwa saa moja tu. Sasa tuseme mtaa wako una hekta 10 zilizojaa nyumba na lami, mm 50 zikashuka kwa saa moja na sehemu 80 kwa 100 zikatiririka, zilizobaki zikanyonywa. Hizo ni mita za ujazo 4,000, yaani kama lita 1,100 kila sekunde. Mtaro wa upana mita 1 na kina mita 1, maji yakienda mita 1 kwa sekunde, unabeba lita 1,000. Umeona? Mtaro unakaribia kutosha ukiwa MTUPU. Ukiwa nusu una mchanga na chupa unabeba chini ya nusu, na hapo hata ukijengewa wa mabilioni hautosaidia. Hesabu hii ifanye kwa kila mtaro na kila kalvati, utakuta mtaro mpana unaingia kwenye kalvati jembamba, na hapo ndipo mafuriko yanapozaliwa kila mwaka.

Neno jengine linalotuchanganya ni "mvua ya miaka 10". Watu wanadhani ikija leo tumepumzika mpaka miaka kumi ipite. Siyo. Maana yake kila mwaka kuna nafasi 10 kwa 100 ya kuja, hata miaka miwili mfululizo. Diwani anayekaa miaka 5 ana nafasi kama 41 kwa 100 ya kukutana nayo akiwa kitini. Mwambie hivo Mheshimiwa kwenye kikao cha bajeti, utaona anavyokaa vizuri.

Kwenye pesa fanya mfano wa wazi. Nyumba 40 zinaingia maji, kila moja hasara ya laki tatu kwa magodoro, unga na friji, hiyo ni milioni 12 kwa mafuriko moja. Yakija kila baada ya miaka miwili ni milioni 6 kwa mwaka, zinatoka mifukoni mwa watu bila risiti. Weka pembeni yake gharama ya vijana 20 na mapauro kuzibua mtaro kwa wiki moja. Namba ni zangu za mfano, wewe weka za kwako, lakini usiende kikaoni bila ukurasa huo.

NANI YUKO NJIANI

Hapa ripoti nyingi huwa dhaifu, zinahesabu nyumba basi. Nyumba mbili za ukubwa mmoja, maji ya magoti yote mawili, moja ina vijana wanne na ghorofa juu, nyengine ina bibi peke yake asiyeweza kutembea na mjukuu. Si hatari moja hiyo. Kwa hiyo sheha awe na daftari: wazee, wenye ulemavu, wajawazito, wapangaji wa vyumba vya chini, madrasa na skuli zilizo bondeni, kituo cha afya, transfoma, na hasa visima na makaro (mashimo ya vyoo). Hilo la makaro wengi wanaliona aibu kulizungumza. Zanzibar tunategemea sana maji ya ardhini, na mafuriko yanapofumua karo mita chache kutoka kisimani unajua kinachofuata, kipindupindu cha 2015 na 2016 hakijasahaulika. Pima umbali wa kila kisima na karo lililo karibu nacho, kisima kilicho chini ya mkondo kitiliwe alama nyekundu, na ZAWA (mamlaka ya maji Zanzibar) na watu wa afya wapewe orodha kabla ya Machi, sio Mei.

Daftari hilo lina majina na hali za watu, lisitupwe kwenye grupu la WhatsApp. Naomba sana.

Ukishapata sehemu zote zipange kwa maswali matatu tu: maji yanafika wapi mwilini, yanakuja mara ngapi, na yanawakuta watu gani. UNDRR, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupunguza maafa, wana dodoso lao la mambo kumi la kupima uimara wa miji, ni la bure na mkishazoea lifanyeni, lakini kuanza nalo ni kuanza kusoma Kurani ukiwa hujui alifu.

SASA UFANYE NINI

Kuzibua kwanza, kujenga baadae. Safisha mwezi wa Februari na tena Septemba, na ule uchafu mnaouchota MSIUACHE ukingoni mwa mtaro. Kila mwaka nauona umerundikwa hapo unasubiri gari, gari haiji, mvua ya kwanza unarudi ndani wote. Kama gari haijathibitishwa usichote. Bora hata gari ya ng'ombe.

Pili, vibali. Baraza lina meno hapa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa namba 7 ya 2014, na sheha mara nyingi ndiye shahidi wa mwanzo karatasi ya kiwanja inapoandikwa. Bi Sheha, ukiletewa karatasi ya kiwanja kilicho kwenye njia ya maji, toa ramani yako umwoneshe mnunuzi, mwambie hapa 2017 maji yalifika kiunoni. Wengi watarudi wenyewe bila ugomvi. Waliokwisha kujenga usiwatishe kwa bomoabomoa, wape mambo wanayoyaweza: kizingiti cha mlango kiinuliwe, soketi za umeme ziwe juu, unga na vyeti viwe juu ya kabati, karo lifunikwe vizuri.

Tatu, mabwawa na vibonde vilivyobaki vilindwe kama mali ya baraza, viwekewe mipaka ya minazi au nguzo kabla kifusi hakijaanza kumwagwa usiku. Hapa mjini hiki ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote na ndicho tunachokipoteza haraka kuliko vyote. Mashimo ya kunyonyea maji yanafaa kwenye ardhi ya mawe, ila yasiwe karibu na visima, manake mawe yetu ya matumbawe yana matundu, kinachoingia huku kinatokea kule bila kuchujwa.

Kwa wa pwani na Pemba, mikoko. Lakini sio kupanda mche wowote popote ili picha itoke. Mikoko ina aina zake na kila aina ina pahali pake: mlilana unakaa mbele kabisa baharini, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa juu zaidi, na mchu huukuta mbele na nyuma. Ukipanda mkoko kwenye mchanga mtupu wenye mawimbi unakufa kabla mfadhili hajarudi. Pahali pengi tatizo ni kwamba mtu kakata njia ya maji kwa tuta la chumvi au barabara, fungua maji yapite na mikoko itaota yenyewe. Waulize akina mama wanaotafuta chaza, wanajua kila mti ulikuwa wapi.

Mwisho ni taarifa. TMA wana viwango vyao, angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kamati za maafa zipo kisheria mpaka ngazi ya shehia, tangu sheria ya maafa ya 2015, ila kamati bila maamuzi ya mapema ni orodha ya majina tu. Kaeni kikao mkiwa bado wakavu muamue: ikija njano nani anakagua makalvati, ikija chungwa nani anatia mafuta pampu na nani anakwenda kwa yule bibi, ikija nyekundu skuli gani inafunguliwa na ufunguo uko kwa nani. Ufunguo! Usiku mmoja tulisimama na watoto mvuani saa nzima kwa sababu mwenye ufunguo alikwenda harusini shamba. Sasa funguo zipo tatu. Tangazo lipite kwenye spika za misikiti, kwa mabalozi wa nyumba, kwenye grupu za simu, na kwa sauti ya mtu kwa wasiosikia hayo mengine. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ila mgambo naye awe anajua anasema nini. Tufani nazo msidhani ni za Msumbiji tu, ile ya 1872 ilivunja mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikabaki ndo kisiwa cha karafuu mpaka leo, na Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia hapo jirani.

Na mvua ikishakatika usirudi ofisini moja kwa moja. Una wiki moja, labda mbili. Pita na rangi ya mafuta na brashi, kila ukuta wenye mstari wa matope piga alama ndogo na tarehe, omba ruhusa kwa mwenye nyumba, pima urefu kutoka chini, andika. Nenda mapema, manake sikukuu ikikaribia tu watu wanapaka chokaa, na mstari wote unapotea.